UZI: Madokezo ya hadithi za zamani kwenye komiki za mashujaa, namna ya kuyasoma na kujua yametoka toleo gani

Fremu Ya Tisa

Wakuu, salaam.

Mara nyingi mtu anabandika fremu ya komiki na kuuliza inarejea hadithi gani, na jibu linalokuja ni jina la shujaa tu. Hilo halitoshi. Batman ameanza 1939. Ukisema "hapa wanarejea asili ya Batman" bado hujataja kitu, maana asili hiyo iliandikwa kwa awamu, na kila awamu iliacha alama yake. Hoja ya uzi huu ni moja: dokezo lina umri. Angalia limechukua kipengele gani, na utaweza kutaja toleo na mwaka.

Tuanze na kuuawa kwa wazazi wa Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman. Mara ya kwanza ni Detective Comics #33 (yaani toleo namba 33), Novemba 1939, kwa fremu chache mno. Familia imetoka kuangalia sinema, jambazi anautaka mkufu wa mama, baba anaingilia na kupigwa risasi, kisha mama naye. Jambazi hana jina, mtaa hauna jina, sinema haina jina.

Batman #47 ya 1948 ndiyo iliyompa jambazi jina la Joe Chill, na humo mama hafi kwa risasi, moyo unasimama kwa mshtuko. Detective Comics #457, Machi 1976, ya Denny O'Neil na Dick Giordano, ndiyo iliyouita uchochoro ule Crime Alley na kumleta Leslie Thompkins, mwanamke aliyemkumbatia mtoto usiku ule. Mwaka 1986 Frank Miller, kwenye The Dark Knight Returns, akaongeza mambo mawili ambayo leo wengi wanadhani yalikuwepo tangu siku ya kwanza. La kwanza, sinema yenyewe ni The Mark of Zorro, ya shujaa mwenye barakoa. La pili, mkufu ni wa lulu, unanaswa kwenye mkono ulioshika bastola, unakatika, na lulu zinaruka moja moja, fremu baada ya fremu, bila neno hata moja.

Sasa ukikutana na fremu ya lulu inayodunda kwenye lami, hiyo hairejei 1939. Inamrejea Miller. Ukiona mwanamke mzee anayemsubiri Batman kila mwaka tarehe ileile, hiyo ni ya O'Neil. Jina la Chill peke yake, bila lulu wala Zorro, hapo fikiria 1948.

Utaratibu wa kufuata: orodhesha vitu vilivyomo kwenye fremu (nguo, silaha, maandishi ya ukutani, saa, bango), kisha maneno kama yalivyoandikwa, kisha pembe ambayo mchoraji amesimama. Tafuta ni toleo gani la mwanzo lenye vitu hivyo vyote kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, bado hujafika. Pia tazama kama kuna kinyota juu ya neno na kisanduku chini ya fremu kinachotaja toleo. Hao ni wahariri wanakuelekeza wenyewe, ingawa namba zao nazo zifunguliwe zihakikiwe.

Karibuni mwongeze.

---

Mama Majalada

Uzi mzuri, mkuu. Kanuni yako ya maneno "kama yalivyoandikwa" ina mfano mkubwa kuliko yote kwa Spider-Man.

Amazing Fantasy #15, Agosti 1962, Stan Lee na Steve Ditko. Ile kauli ya nguvu kubwa na wajibu mkubwa haikusemwa na Mjomba Ben, aliyemlea Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe. Imo kwenye fremu ya mwisho kabisa, Peter anaondoka akiwa mdogo chini ya taa za mtaa, na maneno ni ya msimulizi, ndani ya kisanduku. Tena hayasemi tu kwamba nguvu huja na wajibu. Yanasema pamoja na nguvu kubwa *lazima pia* uje wajibu mkubwa. Lile "lazima pia" ndiyo alama ya 1962. Kauli fupi isiyo na "lazima", ikitoka kinywani mwa Ben, ni ya miaka ya baadaye, na wengi waliisikia hivyo kwenye filamu ya 2002, Ben akiwa ndani ya gari na Peter. Kwa hiyo mwandishi akiweka maneno marefu kwenye kisanduku cha msimulizi, amefungua toleo lenyewe. Akiyaweka mafupi kwenye mdomo wa Ben, anarejea kumbukumbu ya watu. Yote mawili yanaruhusiwa, lakini si dokezo moja.

Mwingine ni Amazing Spider-Man #33, Februari 1966. Peter amebanwa chini ya mtambo wa chuma kwenye maficho ya Doctor Octopus yaliyo chini ya maji, dari linavuja, na chupa ya dawa ya Shangazi May iko mbele yake mkono hauifikii. Ditko anakuza fremu taratibu: mwanzo ni ndogo na mtambo umejaa, kadiri Peter anavyosukuma ndivyo nafasi inavyoongezeka, mpaka ukurasa unafunguka wote. Filamu ya Homecoming ya 2017 ilichukua tukio hilo kwenye kifusi. Tazameni vizuri lile dimbwi la maji: barakoa imelala ndani yake na nusu ya uso wa Peter inaonekana pembeni ya nusu ya barakoa. Hilo halimo kwenye #33. Ni mtindo mwingine wa Ditko, wa kugawa uso nusu Peter nusu Spider-Man kila anapotaka kuonyesha mtu mmoja mwenye maisha mawili. Madokezo mawili kwenye picha moja, na anayeona la kifusi mara nyingi analipita la dimbwi.

Na kwa wanaopenda saa: kwenye filamu ya The Amazing Spider-Man 2 ya 2014, Gwen, mpenzi wa Peter, anapoanguka ndani ya mnara wa saa, mishale inasimama saa 1:21 kwa uso wa saa ya kizungu. Gwen Stacy alikufa Amazing Spider-Man #121, Juni 1973, Gerry Conway akiandika na Gil Kane akichora.

---

Kunguru_Pwani

Naomba kuuliza. Kwenye Batman #655 ya 2006 kuna maandishi ukutani, Zur-En-Arrh. Hayaelezwi popote kwenye toleo hilo. Ni jina la genge au ni dokezo?

---

Fremu Ya Tisa

Kunguru_Pwani, ni dokezo, na ni lenye subira kuliko yote niyajuayo. Grant Morrison aliyaweka pale kama uchafu wa kawaida wa ukuta wa Gotham, mji wa Batman, na jibu lake likaja miaka miwili baadaye.

Asili yake ni Batman #113, Februari 1958. Batman anachukuliwa hadi sayari nyingine na kumkuta Batman wa huko, Tlano, mwenye vazi jekundu, njano na zambarau. Sayari hiyo ni Zur-En-Arrh. Ana kifaa kidogo kiitwacho Bat-Radia. Ni hadithi ya enzi ambayo Batman alikuwa anapambana na viumbe wa anga za juu kila mwezi, na kwa miaka mingi wahariri waliiweka kando kama haikuwahi kutokea.

Pacha wake ni Batman #156, Juni 1963. Humo Batman amejitolea kufungiwa peke yake kwa ajili ya utafiti wa kitabibu, anaanza kuona njozi, na kwenye njozi hizo Robin anakufa. Daktari anayesimamia hana jina.

Morrison akachukua hadithi hizo mbili na kuuliza swali la karani: kama zote zilitokea kweli kwa mtu mmoja, mtu huyo ana hali gani kichwani? Jibu lake ni hadithi ya Batman R.I.P., Batman #676 hadi #681, 2008. Daktari asiye na jina wa 1963 anakuwa Simon Hurt. Vazi la rangi za kupiga kelele linakuwa nafsi ya akiba ambayo Batman ameiandaa endapo akili yake itavunjwa. Bat-Radia inakuwa redio mbovu ya mkononi. Na katika #681 tunapata chanzo cha neno lenyewe: usiku ule wa uchochoroni, wametoka kuangalia Zorro, baba anasema mtu kama Zorro leo wangemfungia Arkham, hospitali ya wendawazimu ya Gotham. Mtoto anabaki na sauti za maneno hayo ya mwisho zilizochanganyika: Zorro, Arkham. Zur-En-Arrh.

Oneni mnyororo: bila nyongeza ya Miller ya 1986, jibu la 2008 kwa neno la 1958 lisingewezekana. Ndiyo maana nasisitiza umri wa kila kipengele. Na DC, wachapishaji wa Batman na Superman, walikusanya hadithi hizo za zamani kwenye kitabu kimoja, The Black Casebook, 2009, kwa hiyo huhitaji kuwinda nakala za miaka ya 50. Soma #113 na #156 kwanza, kisha rudi #655 na uanze upya.

---

Karani wa Matoleo

Niongeze upande wa kuhakiki, maana hapo ndipo watu wanapokosea hata wakiwa na jicho zuri.

Kosa la kwanza ni namba bila mwaka. Batman #1 ipo ya 1940, ya 2011 na ya 2016. Detective Comics #27 ipo ya 1939 na ya 2014. Amazing Spider-Man ilianzishwa upya kwa #1 mwaka 1999, kisha 2003 wakarudi kwenye hesabu ya zamani kwa #500. Action Comics ilianza upya 2011 na kurejea hesabu yake kwa #957 mwaka 2016. Ukitaja namba, taja na mwaka. Namba sahihi isomwe kwenye maandishi madogo ya mchapishaji ndani ya toleo, siyo kwenye jalada, kwa sababu jalada lilitengenezwa kuuza.

La pili, mwezi wa jaladani si mwezi wa mauzo. Kwa kawaida jalada liko mbele miezi miwili au zaidi. Action Comics #1 imeandikwa Juni 1938 lakini ilitoka tarehe 18 Aprili 1938. Ukijua hilo ndipo utaona kwamba Action Comics #1000 kutoka tarehe 18 Aprili 2018 ni dokezo lenyewe, miaka 80 siku kwa siku. Ukitegemea mwezi wa jaladani unaona Juni na Juni, mantiki ya siku inakupita.

La tatu ndilo gumu: nakala zilizochapwa upya. Hulk wa toleo la kwanza, Mei 1962, ni wa kijivu. Rangi hiyo ilisumbua mitambo ya uchapaji, ikawa inatofautiana ukurasa hadi ukurasa, na kuanzia #2 akawa wa kijani. Kisha kwa miaka mingi, kila walipoichapa upya ile ya kwanza, walimpaka kijani humo pia. Matokeo yake, Incredible Hulk #324 ya 1986 ilipomrudisha Hulk wa kijivu, msomaji aliyekuwa na marudio tu aliona ni kitu kipya kabisa. Dokezo lilikuwa wazi, lakini ushahidi ulikuwa umepakwa rangi.

Kwa hiyo ukihakiki, angalia skani ya toleo la awali. Matoleo ya kidijitali ya huduma rasmi mara nyingi hayana kurasa za barua za wasomaji, na rangi zake zimefanywa upya. Kwa majina ya waandishi, wachoraji na tarehe, Grand Comics Database, orodha ya mtandaoni, inatosha kwa kuanzia.

---

Rasi

Karani amegusa rangi, mimi niguse kalenda.

Storm, mwanamke wa X-Men anayetawala hali ya hewa, tunamkuta mara ya kwanza Giant-Size X-Men #1, Mei 1975, akiwa Kenya, watu wanamwabudu kama mungu wa mvua. X-Men #102, Desemba 1976, inaeleza hofu yake ya sehemu finyu: alikuwa mtoto Cairo, ndege ya vita ikaangukia nyumba yao wakati wa vita vya Suez vya 1956, wazazi wakafa, naye akabaki amefukiwa kwenye kifusi kando ya mama yake. Mwaka 1976 hesabu ilikaa sawa, mwanamke wa miaka ishirini na kitu. Leo ukitaja 1956 umemfanya bibi.

Hapo mwandishi anapaswa kujua abebe nini na aache nini. Kifusi, giza, mkono wa mama: hivyo vinabebwa milele. Suez na mwaka vinaachwa kimya kimya. Dokezo la Storm akikwama kwenye lifti na kuanza kuhema linatosha, halihitaji tarehe.

Pia kuna Marvel Team-Up #100, Desemba 1980, Chris Claremont na John Byrne. Nyuma ya toleo hilo kuna hadithi fupi inayosema Storm na T'Challa, yaani Black Panther, walikutana barani Afrika wakiwa bado wadogo. Kwa miaka 25 hivi ilikuwa kitu cha pembeni, kisha 2006 ikawa msingi wa harusi yao kwenye Black Panther #18. Asiyejua #100 ya Team-Up aliona ndoa imetoka hewani. Mwenye kuijua aliona deni linalipwa.

Iron Man ana tatizo lilelile. Tales of Suspense #39, Machi 1963, anajeruhiwa Vietnam. Kwenye hadithi ya Extremis ya 2005 na 2006 wakahamishia Afghanistan. Kila baada ya miongo michache vita vinazeeka.

---

Karani wa Matoleo

Na hapo kwa Iron Man, Rasi, suluhisho la karibuni ni dokezo pia. History of the Marvel Universe, 2019, ya Mark Waid na Javier Rodríguez, iliweka vita vya nchi ya kubuni, Siancong, visivyofungwa na mwaka wowote halisi. Jina halikubuniwa 2019. Nchi ya Sin-Cong imo Avengers #18, Julai 1965. Waid alihitaji nchi ya Asia isiyopo, akaenda kuichukua kabatini badala ya kutunga mpya.

---

Wino Mzito

Nije kwenye majalada, maana huko ndiko madokezo mengi yaliko na ndiko wachoraji wetu wanajifunza vibaya.

Jalada linalorejewa likapoteza nguvu mara nyingi limekosewa kwenye vipimo. Komiki za mwisho wa miaka ya 30 zilikuwa pana, karibu sentimita 19 hadi 20 kwa upana na 26 kwa urefu. Za leo zina upana wa karibu sentimita 16.8 na urefu wa 26. Ukichukua jalada la Action Comics #1 la Joe Shuster na kulibana lienee, unapoteza karibu sentimita tatu, na gari, ambalo ndilo lililolala kwa upana, ndilo linaloumia. Usibane picha. Ongeza mteremko wa gari, pua yake ishuke zaidi kwenye mwamba, na yule mtu wa kona ya chini kushoto mwingize ndani kidogo. Huyo ndiye usimguse vingine: ameshika kichwa kwa mikono miwili, anakukimbilia wewe msomaji. Ukimwondoa huyo, kilichobaki ni picha ya mtu mwenye nguvu na gari. Yeye ndiye anayelifanya jalada litambulike.

Njia ya kujua kipi kibaki: punguza jalada la asili hadi upana wa sentimita tatu. Utakachoendelea kukiona kwa saizi hiyo ndiyo mifupa yake. Hiyo usiibadili. Kila kilichopotea, una ruhusa nacho.

Kwa Fantastic Four #1, Novemba 1961, ya Jack Kirby, mifupa ni jitu linalotoboa lami katikati, mkono mmoja juu umemshika Invisible Girl, na mashujaa wakizunguka kona zote bila hata mmoja kuficha mwingine. John Byrne alirudia mpangilio huo Fantastic Four #264, Machi 1984, na hadithi ya ndani ikiwa ya Mole Man, adui wa toleo lile la kwanza, vilevile, kwa hiyo jalada halikudanganya.

Kwa X-Men #141, Januari 1981, Byrne na Terry Austin, mifupa ni duara la mwanga wa kurunzi, watu wawili wameegemea ukuta, na bango nyuma lenye nyuso zilizogongwa mhuri, hawa wameuawa, hawa wamekamatwa. Kosa la kawaida ni kubadili nyuso za bango na kuzigonga mihuri ovyo. Mhuri ni taarifa. Kwenye asili msomaji anamaliza kusoma bango na kujua nani amebaki hai kabla hajafungua ukurasa. Kama mihuri yako haiendani na hadithi ya ndani, umechora pambo.

Na andika jina la mchoraji wa asili kando ya sahihi yako, kwamba umechora kwa kumfuata Kirby, au Byrne, au yeyote yule. Wachoraji wakubwa wanafanya hivyo na haipunguzi chochote.

---

Kunguru_Pwani

Asante Wino. Sasa mpaka uko wapi kati ya dokezo na kunakili? Mtu akichora mwili uleule wa Kirby kwenye fremu ya kawaida katikati ya hadithi?

---

Wino Mzito

Swali la kwanza: mchoraji alitaka uijue asili au alitumaini hutaijua? Jalada la Fantastic Four #1 kila mtu analijua, ukilirudia unamkonyeza msomaji. Ukichukua mkono na mguu kutoka ukurasa wa 14 wa toleo lisilosomwa na mtu ili umalize kazi kabla ya tarehe, huko ni kunakili, hata kama mistari ni yako.

La pili, je, maana inabadilika kwa anayejua? Jalada la Crisis on Infinite Earths #7, Oktoba 1985, la George Pérez: Superman amembeba Supergirl aliyekufa, analia, mashujaa wamejaa nyuma. Kabla yake kuna X-Men #136, Agosti 1980, Cyclops amembeba Phoenix. Yote mawili yana mwili uliolegea mikononi kama sanamu ya Pietà ya Michelangelo. Mikono inafanana, lakini hakuna anayesema Pérez aliiba, kwa sababu umbo hilo ni la wote na kila mmoja amelijaza msiba wake.

---

Rasi

Nakubaliana na Wino, ila naona tunasifu kupita kiasi. Majalada mengi ya aina hii ni ya kuuza tu. Ndani hakuna kitu. Dokezo linalostahili kusomwa mara mbili ni lile linalozaa matokeo.

Adventures of Superman #466, Mei 1990, Dan Jurgens. Watu wanne wako kwenye chombo cha anga, mionzi inawapiga, wanarudi wamebadilika: mmoja mwili wa mabaki ya vyuma na mawe, mmoja nishati, mwanamke anafifia kwenda ulimwengu mwingine, na kiongozi ni mwanasayansi. Ni asili ya Fantastic Four mtupu, wale wanne waliopata nguvu kwa mionzi ya anga, isipokuwa hapa mionzi inaua badala ya kubariki. Msomaji wa 1990 angeweza kuishia hapo, kwamba ni salamu kwa kampuni ya jirani, Marvel. Lakini kiongozi yule, Hank Henshaw, alirudi 1993 kama Cyborg Superman, na Superman #80 ya mwaka huo ndiyo iliyofuta mji wa Coast City. Msiba huo ndio uliomvunja Hal Jordan, mwenyeji wa mji huo na ndiye Green Lantern, kwenye Green Lantern #48 hadi #50, 1994. Salamu moja ya kurasa chache ikaangusha Green Lantern.

Mfano wa kinyume ni X-Men: Deadly Genesis, 2005 na 2006, Ed Brubaker na Trevor Hairsine. Jina linarejea jalada la Giant-Size X-Men #1. Hadithi inasema kabla ya kikosi kile cha 1975 kwenda kisiwa cha Krakoa, Profesa X, mkuu wa X-Men, alituma kikosi kingine, wakapotea, naye akafuta kumbukumbu ya jambo hilo. Kiufundi imekaa vizuri, hakuna fremu ya 1975 inayopingwa. Lakini ukirudi kusoma Giant-Size sasa, kila neno la Profesa linanuka uongo. Dokezo limekwenda nyuma na kuubadili ladha mlo ulioliwa miaka 30 iliyopita. Wanaofanya hivyo wajue uzito wake.

---

Mama Majalada

Rasi, siyo kila dokezo lizae vita. Kwenye Action Comics #1000 kuna hadithi fupi ya Geoff Johns na Richard Donner, imechorwa na Olivier Coipel, inaitwa The Car. Inamfuata Butch, yule jambazi wa Action #1, baada ya gari lake kuvunjwavunjwa. Anakwenda gereji na chuma chake. Halafu Superman anamfuata, na safari hii si kumtundika kwenye nguzo ya simu kama 1938. Ni kumwambia ana nafasi ya kuwa mtu mwingine.

Haibadili kitu kwenye kalenda. Haitangui toleo lolote. Lakini kwa miaka 80 tulikuwa tunatazama jalada lile tukimwona Superman, na hakuna aliyejali gari lilikuwa la nani. Baada ya kurasa hizo chache, huwezi tena kutazama jalada bila kumfikiria mwenye gari. Mimi hilo nalihesabu ni tokeo kubwa.

---

Rasi

Hapo nimekuelewa, mama. Nalikubali.

---

Fremu Ya Tisa

Kwa anayetaka mazoezi ya kanuni ya umri, kuna hadithi moja iliyosimuliwa upya mara kadhaa kwa makusudi, kwa hiyo unaweza kuziweka mezani pamoja: The Case of the Chemical Syndicate, Detective Comics #27, Mei 1939, Bill Finger na Bob Kane. Mfanyabiashara Lambert anauawa, washirika wake wanaogopa, mkosaji ni Alfred Stryker. Batman anampiga ngumi anatumbukia kwenye pipa la tindikali, na anasema ni mwisho unaomfaa mtu wa aina yake. Fremu ya mwisho ndiyo inafichua kwamba yule tajiri mvivu Bruce Wayne ndiye Batman.

Ilirudiwa #387, Mei 1969, kwa miaka 30. Kisha #627, Machi 1991, ikaweka ndani ya toleo moja ile ya 1939, ile ya 1969 na mbili mpya, moja ya Marv Wolfman na Jim Aparo, nyingine ya Alan Grant na Norm Breyfogle. Halafu Detective Comics #27 ya 2014, ile ya pili aliyoisema Karani, ikawa na ya Brad Meltzer na Bryan Hitch.

Zisome ukiangalia kitu kimoja tu: pipa la tindikali. Nani anasababisha Stryker aanguke, na Batman anasema nini baadaye. Mwaka 1939 anapiga na haombolezi. Kadiri miaka inavyosogea ndivyo kanuni ya kutoua inavyombana mwandishi, na utaona kila mmoja anavyohangaika na fremu ileile. #627 inakupa nne kati ya tano kwa mkupuo, anza na hiyo.

---

Kunguru_Pwani

Nimeianza #27 ya 1939. Glavu zake ni za zambarau. Ni makosa ya rangi kama ya Hulk?

---

Karani wa Matoleo

Si makosa, ndivyo alivyotoka, glavu fupi za zambarau zinazoishia kifundoni. Na zilirejewa: fungua Zero Year ya Scott Snyder na Greg Capullo, Batman ya 2013 na 2014, vazi lake la kwanza kabisa. Vingine vyote vimefanywa vya kisasa, glavu zimebaki za zambarau.